Ugonjwa Unaoondoka Wenyewe

Tumbo la mtoto mdogo ni gumu kusomeka, kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu hajapata bado maneno ya kutenganisha maumivu ya kifua na ya koo, ya kibofu na ya utumbo, na kila anapoulizwa panapomuuma huweka kiganja juu ya kitovu, hata pale ambapo kinachomsumbua ni nimonia iliyojificha chini ya pafu au mafindofindo yaliyovimba kooni. Madaktari wa watoto wameizoea hali hiyo, na ndiyo maana huanza na yale yanayotokea kila siku kabla ya kuyafikiria yanayotokea mara moja kwa miaka: minyoo, kuhara, choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo, malaria mahali penye malaria, homa ya matumbo, kidole tumbo kilichovimba, utumbo uliojichomeka ndani ya utumbo, na kwa mtoto mwenye selimundu yale maumivu makali yanayozuka chembe za damu zinapokwama katika mishipa midogo. Utaratibu huo ni wa busara na umeokoa watoto wasiohesabika, lakini una udhaifu ambao si rahisi kuuona kutoka ndani ya wodi: unafaa kwa ugonjwa unaobaki mwilini hadi utafutwe, na hauufai ule unaofungasha virago na kuondoka wenyewe kabla mtafutaji hajafika mwisho wa orodha yake.

Ugonjwa wa namna hiyo unaojulikana vizuri kuliko mingine ni homa ya kifamilia ya Mediterania, maradhi ya kurithi yanayowapata zaidi watu wenye asili ya Kiarmenia, Kituruki, Kiarabu na Kiyahudi, hasa Wayahudi ambao mababu zao waliishi Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Kiini chake ni mchochota, yaani ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto, kuwa nyekundu na kuuma pale askari wa mwili, ambao ni chembe nyeupe za damu, wanapoingia vitani. Tofauti ni kwamba hapa vita hupiganwa bila adui, kwa kuwa hakuna kijidudu kilichoingia. Mara nyingi kinachowaka ni peritonia, utando mwembamba unaotanda juu ya ukuta wa ndani wa tumbo na kuyafunika matumbo, ingawa wakati mwingine huwa ni utando wa mapafu, goti, kifundo cha mguu, au kwa mtoto wa kiume utando unaozunguka korodani. Homa hupanda ndani ya saa chache, tumbo hukakamaa, na kabla ya saa 72 kwisha mambo hutulia. Mtoto huamka, huomba chakula na kwenda kucheza kana kwamba hakuna lililotokea. Shambulio jingine linaweza kuja baada ya wiki moja, baada ya miezi mitatu au baada ya mwaka, bila ratiba. Takriban watu tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu hupata shambulio la kwanza kabla ya kutimiza miaka 20, wengi wakiwa bado wadogo sana, na kwa baadhi yao homa peke yake hutangulia kwa muda mrefu kabla ya tumbo kuanza kuuma.

Uadimu wake ni jambo la mahali. Nchini Uturuki inakadiriwa kwamba mtu mmoja hivi kati ya 1,000 anao, na Armenia uwiano huo ni mkubwa zaidi, kwa hiyo bibi wa kijijini Anatolia anaweza kuutaja kabla ya daktari. Lakini mtoto yuleyule akihamia na wazazi wake kusini mwa ikweta, huingia katika hospitali ambamo daktari anaweza kufanya kazi hadi kustaafu bila kuuona hata mara moja. Njiani ugonjwa haukubadilika. Kilichobadilika ni kumbukumbu ya watu wanaomzunguka mtoto.

Inafaa kuutazama uchunguzi wenyewe kwa karibu, maana hapo ndipo udanganyifu unapoanza. Daktari mzoefu humchunguza mtoto kabla ya kumgusa, kwa kumtazama anavyolala: mwenye tumbo la kusokota, kama lile la choo kigumu, hujinyonganyonga na kubadili mkao kila mara, ilhali yule ambaye peritonia yake inawaka hulala kimya, magoti ameyakunja, akivuta pumzi fupi fupi, kwa sababu kila mtikisiko humchoma. Daktari hupasha mikono yake joto, kisha huanza kubonyeza upande usiouma, macho yake yakiwa usoni mwa mtoto na si tumboni, kwani kwa umri huo uso husema kweli kuliko mdomo. Anayeweza kusimama huombwa aruke mara moja. Akikataa, au akiruka na kujishika tumbo, jibu limepatikana. Chini ya kiganja ukuta wa tumbo umekauka kama ubao, na mkono unapoondolewa ghafla maumivu huzidi badala ya kupungua. Damu ikipimwa, chembe nyeupe zimepanda, na picha ya eksirei huweza kuonyesha utumbo uliolegea wenye hewa na maji yaliyotuama. Kila moja ya dalili hizo hufundishwa katika vitabu vya upasuaji kuwa ni ya tumbo linalohitaji kisu, na hakuna hata moja inayosema uongo, kwa maana peritonia inawaka kweli. Sababu ya kuwaka ndiyo isiyosemwa na dalili yoyote.

Ndipo daktari wa upasuaji anapoitwa, na uamuzi wake haustahili kubezwa. Kidole tumbo cha mtoto aliye chini ya miaka mitano hupasuka upesi, mara nyingi kabla ugonjwa haujatambuliwa, na usaha ukishasambaa tumboni kila saa inayopita ni hatari. Mbele ya hatari hiyo, kumfungua mtoto ambaye pengine hakuhitaji kufunguliwa ni kosa dogo kuliko kumwacha aliyehitaji. Mtoto hupelekwa chumba cha upasuaji, kidole tumbo hukutwa na rangi yake ya kawaida, labda na maji kidogo pembeni, huondolewa hata hivyo ili kisije kumchanganya mtu siku nyingine, na jeraha hushonwa. Siku ya pili au ya tatu homa hushuka. Mzazi hushukuru, daktari huandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, na wote wawili wana kila sababu ya kuamini kwamba upasuaji ndio uliomponya, ilhali shambulio lilikuwa limefika ukingoni kwa saa zake lenyewe. Katika maandishi ya kitabibu kuhusu ugonjwa huu kovu la kidole tumbo limetajwa mara nyingi mno hata limekuwa karibu sehemu ya historia ya mgonjwa, na wapo waliofunguliwa tumbo zaidi ya mara moja.

Ugumu halisi wa kuutambua uko hapo, nao ni wa fikra kuliko wa vifaa. Ugonjwa unaoisha wenyewe humpa sifa kila aliyekuwa karibu ulipoisha. Dawa ya kuua bakteria iliyoanzishwa jioni ya siku ya kwanza itaonekana imefanya kazi siku ya tatu. Vivyo hivyo dripu, dawa ya minyoo, dua, kombe lililoandikwa na kunywewa, au kumwachisha mtoto maziwa ya ng'ombe. Afrika Mashariki ina mtego wake wa pekee. Dawa mseto ya malaria humezwa asubuhi na jioni kwa siku tatu, na siku tatu ndio muda ambao shambulio la homa hii huchukua kujimaliza, kwa hiyo mtoto wa familia ya Kilebanoni au ya Kituruki inayoishi Mwanza au Mombasa akipatwa na shambulio akapewa dozi hiyo, atamaliza vidonge na homa kwa pamoja, na faili lake litaongezewa mstari mwingine wa malaria. Hata kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kila mara kulizuia kosa hilo, kwa sababu aina inayotumika zaidi hutafuta protini ya vimelea ambayo huendelea kuwamo katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa, hivyo mtoto aliyeugua malaria kweli mwezi uliopita anaweza kuonekana nayo leo. Makosa mengi ya utabibu hujifichua yanaporudiwa. Hili huimarika, kwani kila shambulio jipya huongeza ushahidi upande usio sahihi: mara tano dawa imetolewa na mara tano mtoto amepona, na ni nani atakayeitilia shaka dawa iliyoponya mara tano?

Elimu ya tiba nayo ilichelewa kuuona ugonjwa huu, na ilipouona iliupa jina lililopotosha. Mwaka 1945 Sheppard Siegal, daktari wa New York, alieleza habari za wagonjwa waliokuwa wakipatwa na vipindi vya maumivu makali ya tumbo pamoja na homa, akauita mchochota wa peritonia wa vipindi usio na madhara, na kwa mtu anayetazama shambulio moja moja jina hilo lilikuwa na mantiki, kwa kuwa kila shambulio liliisha bila kuacha alama. Miaka saba baadaye, Ufaransa, Mamou na Cattan wakachapisha maelezo ya wagonjwa wao 14, na 8 kati yao walikuwa na figo zilizoharibika. Kilichokuwa kikiziharibu ni amiloidi. Mchochota unapozuka ini hutoa kwa wingi protini fulani, na vipande vya protini hiyo visivyoyeyuka hujilundika taratibu katika figo, wengu na utumbo hadi viungo hivyo vishindwe kazi. Shambulio moja halikuwa na madhara. Mamia yake yalikuwa nayo, na kabla tiba haijapatikana wengi wa walioathirika figo hawakufika uzeeni. Siegal hakukosea katika alichokiona. Alikuwa ametazama kwa kipimo cha siku ugonjwa unaofanya kazi kwa kipimo cha miaka.

Kwa sababu hiyo ushahidi wa kwanza hutoka kwa mama, baba, bibi au yeyote anayelala na mtoto, na chombo chake ni tarehe. Daftari la shule la mistari linatosha: siku na saa homa ilipoanza, ilipanda hadi nyuzi ngapi, ilishuka lini, maumivu yalikuwa wapi, kulikuwa na mafua au kikohozi au hakukuwa, dawa gani ilitolewa na saa ngapi, na siku hizi simu huongeza picha ya ule wekundu unaojitokeza kwenye kifundo au juu ya wayo, unaofanana na maambukizi ya ngozi na ambao hutoweka kabla ya siku ya miadi. Saa ya kutolewa dawa ina thamani ya pekee, kwa kuwa ikisomwa pamoja na saa ya homa kushuka ndipo inapogundulika kwamba shambulio lililotibiwa na lile lililokosa dawa, kwa sababu familia ilikuwa safarini na duka la dawa liko mbali, yalichukua muda uleule. Faili la hospitali haliwezi kufanya kazi hiyo. Lenyewe hutunza kila tukio kama kisa kilichofungwa, na mtoto aliyetibiwa katika vituo vinne ana mafaili manne, kila moja likiwa na ugonjwa wake na uponaji wake, bila mtu wa kuyalaza juu ya meza moja.

Vigezo vya utambuzi vilivyotungwa na wataalamu vimejengwa juu ya hesabu hiyohiyo. Vile vya Tel Hashomer, vilivyopewa jina la mahali ilipo hospitali ya Israeli iliyowatunza wagonjwa hawa kwa miongo mingi, vilichapishwa mwaka 1997 na vinahitaji mashambulio yanayorudi na kudumu kati ya saa 12 na siku tatu. Mwaka 2009 madaktari wa watoto wa Uturuki wakiongozwa na Fatoş Yalçınkaya walitoa vigezo vya watoto: homa inayozidi nyuzi 38 kwapani, maumivu ya tumbo, maumivu ya kifua, viungo kuvimba, na kuwapo kwa mgonjwa mwingine katika familia, dalili hizo zikiwa zimedumu saa 6 hadi 72 na kurudi angalau mara tatu; mambo mawili kati ya hayo matano yanatosha. Kushusha saa 12 hadi 6 ni kukubali kwamba mtoto hufanya kila kitu kwa haraka, kuugua kukiwamo. Hata hivyo vigezo hivyo vilitungwa katika nchi yenye wagonjwa wengi, na vikichukuliwa vilivyo hadi mahali ambapo homa na maumivu ya tumbo humrudia karibu kila mtoto kwa sababu nyingine, vitawanasa wengi wasio na ugonjwa huu. Asili ya familia, ambayo haimo katika orodha ya madaktari wa Uturuki kwa kuwa kwao ilikuwa inaeleweka bila kusemwa, inapaswa kuulizwa kwingineko kwa uwazi na kwa adabu, hadi kwa babu na bibi wa pande zote mbili, pamoja na swali kama wazazi wana undugu wa damu.

Kuna pia kundi la watoto ambao homa huwarudia kila baada ya wiki kadhaa kwa mpangilio ulionyooka kiasi kwamba mzazi anaweza kupanga safari kwa kuufuata, wakiwa na vidonda mdomoni, koo jekundu na tezi zilizovimba shingoni. Hali hiyo ni tofauti na ni ya kawaida zaidi, nayo pia hutambuliwa kwa kalenda.

Mtoto mkubwa kidogo, wa umri wa kuanza shule, hukutana na tuhuma nyingine, ile ya kudeka. Tuhuma hiyo ina msingi wake: mwaka 1958 John Apley na Nora Naish walichapisha uchunguzi wa watoto 1,000 wa shule katika mji wa Bristol, Uingereza, wakakuta kwamba karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na maumivu ya tumbo ya kurudiarudia, na katika wengi wa watoto wa namna hiyo hakuna ugonjwa wa kiungo unaopatikana. Daktari anayekijua kipimo hicho ana haki ya kuwa mtulivu. Lakini mtoto wa kudeka hapandi nyuzi 39, wala damu yake haibadiliki, na kinachomponza mtoto mwenye homa ya kifamilia ya Mediterania ni kwamba hufika kliniki ya rufaa katika siku zake za uzima, akiwa amechangamka na kuvuta droo za daktari, huku mama akijitahidi kueleza dhoruba iliyokwisha kupita. Mwalimu ameona utoro, baba mkwe ameona malezi legevu, daktari ameona tumbo laini lisilo na kasoro.

Dawa ya mkanganyiko huo ni kuipima damu mara mbili, siku ya kuugua na siku ya kucheza. Siku ya shambulio protini za mchochota hupanda mno na damu iliyowekwa katika mrija hutuama kwa kasi isiyo ya kawaida. Wiki mbili baadaye, kwa wengi, vipimo vilevile hurudi chini, na mwachano wa majibu hayo mawili una maana kubwa kuliko jibu lolote likiwa peke yake. Ni kipimo cha bei nafuu, na kinafanyika mara chache kuliko inavyopaswa, kwani hakuna desturi ya kumpeleka mtoto mzima maabara achomwe sindano, na mzazi aliyelipa nauli mara kumi kwa ajili ya ugonjwa hataelewa upesi kwa nini alipe ya kumi na moja kwa ajili ya afya.

Chanzo cha yote kilijulikana mwaka 1997, pale makundi mawili ya watafiti, moja la kimataifa na jingine la Ufaransa, yalipoipata karibu kwa wakati mmoja jeni yenye hitilafu katika kromosomu ya 16, kundi moja likiiita protini yake pirini, kutokana na neno la Kigiriki la moto, na jingine marenostrini, kutokana na jina ambalo Warumi waliipa Bahari ya Mediterania. Jeni, au chembe ya urithi, ni maelezo ambayo mwili huyafuata katika kuunda protini, na ili mtoto augue kwa kawaida huhitaji kurithi nakala yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama, ambao wenyewe huwa wazima. Pirini ni mlinzi aliye ndani ya chembe nyeupe za damu. Sumu za baadhi ya bakteria huzima swichi fulani ya kemikali ndani ya chembe, na pirini ikihisi swichi imezimwa hupiga king'ora kinachoita mchochota. Pirini yenye hitilafu hupiga king'ora hicho kwa sababu ndogo mno, au bila sababu inayoonekana. Swali la kwa nini hitilafu yenye gharama kubwa hivyo imeenea kwa watu wengi, kiasi kwamba katika baadhi ya jamii hizo hadi mtu mmoja kati ya watano hubeba nakala moja, lilipata jibu la kushawishi mwaka 2020, watafiti wa Marekani na wenzao walipoonyesha kwamba bakteria wa tauni ana mbinu ya kuinyamazisha pirini ya kawaida, kwamba pirini yenye hitilafu hainyamazi kirahisi, na kwamba panya waliopewa hitilafu hiyo walihimili tauni kuliko wenzao. Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa mantiki hiyo kwa urefu, kwa kuwa ni ileile ambayo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliithibitisha mwaka 1954 kuhusu selimundu na malaria: nakala moja ni kinga, nakala mbili ni maradhi, na mtoto anayelia kwa tumbo usiku analipa deni la babu aliyenusurika janga.

Ingetarajiwa kwamba kupatikana kwa jeni kungeimaliza kazi ya utambuzi, na haikuwa hivyo. Wapo wagonjwa wenye historia kamili ambao maabara huwakuta na nakala moja tu yenye hitilafu, wapo wengine ambao hakuna inayoonekana, na yapo mabadiliko ya jeni ambayo wataalamu bado wanabishana kama yanaleta ugonjwa au ni tofauti tu za kawaida kati ya watu. Jibu la maabara huthibitisha hadithi iliyokwisha kueleweka. Halina uwezo wa kuitunga.

Tiba ilitangulia jeni kwa robo karne. Mwaka 1972 Stephen Goldfinger wa Boston aliandika barua fupi katika jarida la kitabibu kwamba kolchisini, dawa ya kale ya jongo itokanayo na mmea wa ua la zambarau, iliyazuia mashambulio kwa wagonjwa wake wachache, na mwaka huohuo Emir Özkan alichapisha matokeo yanayofanana nchini Uturuki. Majaribio ya mwaka 1974, ambamo wagonjwa wengine walipewa vidonge visivyo na dawa ili kulinganisha, yaliwaunga mkono. Ushahidi mzito zaidi ulikuja mwaka 1986, Deborah Zemer na wenzake wa Tel Hashomer walipoeleza habari za wagonjwa 1,070 waliofuatiliwa kwa miaka 4 hadi 11. Kati ya 906 ambao figo zao zilikuwa nzima mwanzoni na walioshika dozi, protini ilionekana katika mkojo wa wanne. Kati ya 54 waliokiri kuiacha, ilionekana kwa 16. Tangu hapo kila mwaka ambao mtoto anaishi bila jina la ugonjwa wake unaweza kuhesabiwa kama mwaka wa figo.

Kolchisini hutumika pia kama kipimo, na hapo mtego ule wa zamani hurudi kwa sura mpya. Homa ikishuka siku mbili baada ya dawa kuanzishwa haijathibitisha lolote, kwa kuwa ingeshuka tu. Kinachothibitisha ni miezi sita ambayo daftari halina cha kuandika, ikilinganishwa na miezi sita iliyotangulia. Uvumilivu huo ni mgumu kwa familia iliyochoka, na dawa yenyewe si ya kuchezea, maana dozi ya mtoto mdogo ni ndogo sana, umbali kati ya dozi inayotibu na inayoua si mkubwa, na chupa inapaswa kukaa mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Kwa wachache ambao haiwasaidii vya kutosha, zipo sindano zinazozuia interlukini-1, ile kemikali ambayo king'ora cha pirini huimwaga. Mmoja wa waliofanya jaribio la kolchisini mwaka 1974, Charles Dinarello, ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa walioifafanua kemikali hiyo. Bei ya sindano hizo bado ni ya nchi tajiri.

Mwaka 2007 Isabelle Touitou na wenzake walikusanya taarifa za wagonjwa 2,482 kutoka nchi 14 ili kujua ni nani hupata amiloidi ya figo, na jambo lililokuwa na uzito kuliko yote, kuliko hata aina ya hitilafu ya jeni, lilikuwa nchi anamoishi mgonjwa. Matokeo hayo huweza kufasiriwa kwa njia nyingi, vikiwamo vijidudu vya mazingira, lakini tafsiri moja haiwezi kuepukwa: jeni ileile huharibu figo zaidi pale ambapo huduma ni dhaifu na jina la ugonjwa huchelewa kutamkwa.

Halafu wapo wasiokuwa na tarehe kabisa. Baadhi ya waliorithi nakala mbili zenye hitilafu hawajawahi kulala na homa wala kushika tumbo, na ugonjwa wao hujitokeza kwa mara ya kwanza figoni, ukubwani au hata utotoni, bila shambulio lolote la kuwaonya. Wataalamu huwaita wagonjwa wa aina ya pili, na kwao daftari la mama halina msaada. Ndiyo sababu mtoto mmoja akishatambuliwa, kaka na dada zake huitwa pamoja na wazazi, hata wale wanaoona wanapotezewa muda. Kila mmoja hupewa kikopo, kijiti cha kupimia huchovywa katika mkojo, na baada ya dakika moja hivi rangi ya kijisanduku chake cha protini hulinganishwa na ile iliyochapwa ubavuni mwa chupa: njano ikiwa salama, kijani ikiwa hapana. Kipimo hicho hakihitaji maabara ya jeni wala rufaa ya ng'ambo, hufanyika katika zahanati yoyote yenye vijiti, na hurudiwa kila baada ya miezi sita.